Muulize Bwana Afya: Kuta za chumvi, jiko la mama na mbu wanaopita juu ya dirisha

Wapendwa, masika imeshika na kama kawaida yake imeleta meseji nyingi kuliko miezi mingine yote, nusu yake ni picha za kuta zilizolowa. Nimechagua chache, zile ambazo maswali yake yanajirudia, na kwa wale waliouliza rangi gani ya sebule inaendana na makochi ya kijivu mnisamehe bure, hapo sina msaada. Mimi ni bwana afya mstaafu, nikiingia kwenye nyumba naangalia hewa inaingia wapi, maji yanatoka wapi na wadudu wanapita wapi, basi. Makochi nakaa tu.

*

Shikamoo bwana afya. Niko Mbagala, nyumba ni yetu ila tuliinunua ikiwa imeshajengwa. Ukuta wa chumba cha watoto kwa chini unalowa, rangi inabanduka yenyewe afu inatoka kama unga mweupe hivi, tumepaka tena na tena inarudi palepale. Watoto wawili wanakohoa usiku na mdogo ana pumu. Fundi mmoja anasema tupige rangi ya mafuta, mwingine anasema tubandike tailizi mpaka usawa wa kiuno tusahau. Hela yenyewe ya kuungaunga, tumsikilize nani? – Mama Wawili

Marahaba mama. Kwanza usimsikilize hata mmoja, maana wote wawili wanataka kuficha maji na hakuna aliyekwambia yanatoka wapi.

Unga mweupe ni chumvi. Maji ya ardhini yanapanda taratibu ndani ya tofali, yakifika usoni mwa ukuta yanakauka, chumvi inabaki na ndo inayosukuma rangi itoke. Kwenye nyumba nyingi za Dar chumvi inatoka pia kwenye mchanga wenyewe, maana kuna watu wanafyatulia tofali kwa mchanga wa karibu na bahari kwa sababu ni rahisi. Kawaida kati ya msingi na ukuta panatakiwa palazwe karatasi nzito ya kuzuia maji, mafundi wanaiita DPC, na hii ndo kitu cha kwanza kurukwa hela ikipungua kwa sababu hakuna mgeni atakayekuja kuiona. Kwa hiyo inawezekana nyumba yako haina, au ipo lakini aliyejenga akaja kumwaga kifusi nje mpaka udongo ukapita usawa wake, hapo ni sawa na haipo.

Kabla ya kutoa hata shilingi hakikisha. Angalia umbo la unyevu, kama unaanzia chini na kupanda mpaka kama mita moja hivi na kuishia na mstari wa madoa, ni maji ya ardhini. Kama unaanzia juu ni paa. Kama ni duara moja katikati ya ukuta tafuta bomba, na mara nyingi bafu liko upande wa pili. Afu kata kipande cha nailoni ukubwa wa karatasi ya daftari, kwangua sehemu ya ukuta iwe safi, kibandike kwa selotepu pande zote nne, kiache siku mbili. Matone yakiwa upande uliogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa ndani, yani mnaanika nguo chumbani au madirisha hayafunguliwi, na hiyo dawa yake ni bure.

Sasa kama ni maji ya ardhini kama ninavyohisi, anza nje. Ondoa udongo uliolalia ukuta mpaka ardhi ya nje iwe chini ya sakafu ya ndani, angalau shibiri moja. Weka gata, na kama hela haitoshi nyumba nzima weka upande wa chumba cha watoto tu, maji ya bati yasidondoke miguuni mwa ukuta. Mwaga mkanda wa zege kuzunguka nyumba wenye mteremko wa kupeleka maji mbali. Mama, hii kazi haina picha nzuri ya kutuma kwenye grupu la familia lakini ndo yenye faida kuliko zote zilizobaki. Kuna nyumba zinapona kwa hiyo tu.

Ndani sasa. Bandua lipu yote iliyooza mpaka nusu mita juu ya mstari wa madoa, uache ukuta ukauke, na kukauka hapo ni wiki kadhaa sio siku mbili za wikiendi, afu ndo upige lipu mpya kwa mchanga wa mto ulio safi. Ukipata fundi anayejua lipu ya chokaa bora zaidi, kwa sababu chokaa inaruhusu ukuta upumue. Nenda Mji Mkongwe Zanzibar ukaulize wanaokarabati zile nyumba za mawe ya matumbawe, watakwambia kuta zilizopigwa chokaa zinahimili unyevu na kuta walizokuja kuzipaka saruji juu yake ndo zinazomeguka, kwa sababu saruji inafungia maji ndani. Rangi ya mafuta inafanya hivohivo, na tailizi ndo kabisa, maji yakikosa pa kutokea chini yanapanda juu zaidi, mwakani utakuta doa usawa wa kifua juu ya tailizi zako nzuri. Kuna dawa ya kupiga sindano ukutani kwa kutoboa matundu mstari mzima, inasaidia ikifanywa na anayeijua, lakini ni ghali, usianze nayo.

Wakati unajichanga hamisha vitanda vya watoto na kabati vitoke kwenye ukuta ule, acha nafasi hewa ipite nyuma. Ukiona na weusi ukutani huo ni fangasi, na vumbi lake ndo linaloamsha pumu. Uoshe kwa maji ya sabuni, afu jiki iliyochanganywa na maji, madirisha wazi, watoto wasiwepo. Na tafadhali jiki usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya choo, inatoa hewa ya sumu palepale, hili nalirudia kila mwaka na kila mwaka kuna mtu anaandika amefanya. Mdogo mpeleke kliniki hata kama ukuta umekauka.

*

Habari za kazi mkuu. Niko Ifakara. Nimeweka nyavu madirisha yote ya nyumba, nimelipa hela ya maana, lakini usiku mbu ni walewale. Mke wangu anasema fundi kaniibia. Nyumba ya tofali za kuchoma, bati, haina dari. Tatizo nini? – Baba Asha

Salama kabisa baba. Fundi hajakuibia, ila amefunga mlango ambao mbu haupendi sana.

Mbu wa malaria anafuata hewa tunayotoa tukipumua na harufu ya mwili. Hiyo hewa inatoka ndani inapanda, na yeye akikutana na ukuta anapanda nao mpaka anakuta ule uwazi kati ya ukuta na bati. Anaingia hapo. Simama ndani mchana ukiwa umezima taa, kokote unakoona mwanga juu ya ukuta ndo geti lake lilipo. Tena wewe uko mji ambao taasisi yake ya utafiti inajulikana dunia nzima kwa habari za mbu, hawa jamaa ni majirani zako.

Watu wengi wakisikia hivi wanaita fundi azibe kwa tofali na udongo. Usizibe kabisa! Chini ya bati bila dari ukiziba na juu mtapikika, na mkishindwa kulala kwa joto mtafungua mlango usiku, sasa umefanya nini. Weka wavu kwenye ule uwazi, hewa ipite mbu asipite. Au kama hesabu inakubana weka dari la wavu, yani unavuta wavu mgumu juu ya vyumba vya kulala tu ukiupigilia kwenye fremu za mbao. Gambia walipima haya mambo kwenye utafiti uliochapishwa 2009, nyumba nyingine wakaziwekea nyavu madirishani na milangoni na kuuziba ule uwazi wa juu, nyingine dari la wavu peke yake, na nyingine wakaziacha zilivyo. Mbu ndani walipungua karibu nusu kwa zile za dari na zaidi ya nusu kwa zile zilizofungwa kila mahali, na watoto wenye upungufu wa damu walikuwa wachache kwenye aina zote mbili. Kumfungia mbu njia tu huko jamani, sio dawa wala umeme.

Mlango nao usiusahau. Weka fremu ya wavu yenye springi ijifunge yenyewe, kwa sababu kuanzia saa moja jioni watoto wanaingia na kutoka na hakuna mtu atakayekumbuka kufunga, na ule uwazi wa chini ya mlango ugongelee kipande cha mpira wa tairi. Neti ya kitandani inabaki palepale, wavu wa nyumba haujaistaafisha. Na kama unafikiria kujenga upya siku za mbele, kuna nyumba 110 za majaribio zimejengwa vijijini Mtwara, za ghorofa, watu wanalala juu, kuta zake za juu ni za wavu na hewa inapita moja kwa moja. Ukipata safari ya huko ziangalie hata kwa nje.

Hapo hapo niwajibu na wa mjini walioniandikia habari za mbu, maana mbu wenu sio kama wa Baba Asha. Wale wa usiku wenye kelele Dar, Tanga na Mombasa wengi ni Kuleksi, wanazaliana kwenye maji machafu, na mara nyingi mnawafuga wenyewe kwenye shimo la choo. Angalia lile bomba la hewa la septiki linalopanda ukutani, juu yake kuna wavu? Wengi hakuna. Kipande cha wavu na waya wa kufungia, ni kazi ya dakika kumi, na mfuniko wa chemba uliopasuka uzibwe. Huyu mbu ndo anayeeneza matende pwani, na Makunduchi kule Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980 walimwaga chenga nyeupe nyepesi, zile za aina ya kufungashia redio mpya, zikaelea juu ya maji ya mashimo ya vyoo, mbu akakosa pa kutagia na viluwiluwi wakakosa hewa, na wananchi wakapewa na dawa. Mbu walipungua sana pale. Wa dengi tena ni mwingine kabisa, ana madoa meupe miguuni, anauma mchana, anapenda maji masafi, kwa hiyo yule ni wa simtanki lisilo na mfuniko, ndoo, sahani za maua na matairi. Waliokuwepo Dar 2014 na 2019 hawahitaji nieleze zaidi.

*

Sasa mzee. Niko Kikuyu, bedsita moja na mke na mtoi wa miezi tano. Julai huku baridi ni noma, huwa tunaingiza jiko ya makaa ndani jioni mpaka tulale. Jirani alituambia ukiweka sufuria ya maji juu ya jiko maji inamaliza ile sumu. Ni ukweli? – Baba Mtoi

Si kweli, na nakuomba ukimaliza kusoma hapa umwambie na jirani.

Makaa yakiwaka kwenye chumba kisicho na hewa yanatoa kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haichomi macho kama moshi, ndo maana watu wanafikiri makaa yakishakuwa mekundu bila moshi yameshakuwa salama. Ikiingia kwenye damu inakaa mahali pa oksijeni na inang'ang'ania pale kwa nguvu zaidi ya mara 200. Maji hayainyonyi, kitunguu hakiinyonyi, hakuna kinachoinyonya. Ishara ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, usingizi mzito, na wote wa chumba mnaanza pamoja. Mkiona hivyo mtoe mtoto nje kwanza, milango wazi, halafu hospitali. Jiko liwashwe nje, mpikie mlango na dirisha vikiwa wazi, na litoke kabla hamjapanda kitandani, hata kama limebaki majivu. Hasa majivu, kwa sababu chini yake makaa bado yanaishi.

Baridi mpigane nayo hivi: godoro lisilale sakafuni kwenye simiti, weka mbao au kitanda, tandika kapeti au mkeka, pazia zito la mlangoni, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye taulo ipashe kitanda, muitoe kabla ya kumlaza mtoto. Ziba upepo wa chini ya mlango. Lakini yale matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha, ambayo najua nusu ya ploti yenu wameyaziba na magazeti, yafungue leo. Mwenye nyumba hakuyaweka kama urembo, na kwenye vyumba vya kubanana hivyo ndo yanayopunguza pia hatari ya TB kupita toka kwa mtu hadi mtu.

*

Shikamoo mzee wangu. Mama yangu yuko Tukuyu kijijini, ana miaka sabini na kitu, jikoni kwake ni kibanda cha tofali nje, mafiga matatu, ukuta mweusi tii. Macho yanamtoka machozi kila saa na anakohoa. Nilimnunulia gesi mtungi mdogo, kauweka sebuleni juu ya stuli kaufunika na kitambaa, anachemshia chai wageni tu. Mimi niko Mbeya nafanya kazi, nataka nimjengee jiko la kisasa, nianzie wapi? – Mtoto wa Mwisho

Marahaba mwanangu. Umenichekesha na kitambaa, lakini mama hajakosea, ana hesabu zake. Maharage yanataka masaa, makande ndo usiseme, mtungi ukiisha dukani ni nauli, na kuni ziko nyuma ya nyumba. Usianze kwa kumnyang'anya kuni, anza kwa kumwondolea moshi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa majumbani uliua watu kama milioni 3.2 mwaka 2020, na wanaokaa karibu nao ni akina mama na watoto waliobebwa mgongoni. Serikali yetu nayo ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa wa kizamani, lengo zuri, lakini mama yako anapika leo jioni.

Kwa hiyo jiko lenyewe: vunja mafiga, jenga jiko banifu la tofali na udongo, lenye mashimo mawili ya sufuria na bomba la moshi. Bomba hilo ndo roho ya kazi. Lijengwe kwa tofali za kuchoma, lipande mpaka lipite kilele cha paa kwa nusu mita au zaidi, maana likiishia chini ya kilele upepo wa milima yenu utarudisha moshi wote ndani na mama atakutukana kwa Kinyakyusa. Juu weka kofia ya bati mvua isiingie, Tukuyu mnajua mvua. Kama paa ni la nyasi bomba lisiguse nyasi kabisa, zinashika moto. Chini acha kitundu cha kutolea masizi na kila mwezi mjukuu mmoja apewe kazi hiyo, bomba lililojaa masizi ni sawa na hakuna bomba. Afu fungua madirisha mawili yanayotazamana, moja karibu na jiko, na usiyawekee vioo.

Kuni zikaushwe chini ya paa na zipasuliwe ndogo. Kuni mbichi ndo moshi wenyewe. Maharage yalowekwe usiku, sufuria ifunikwe, hapo unapunguza moto karibu bila gharama.

Sasa kuna jambo ambalo wanaojenga majiko ya kisasa huwa hawaulizi, afu wanashangaa kurudi baada ya miezi sita wanakuta bibi amevunja bomba. Uliza mama anatundika nini juu ya moto. Nyumba nyingi za huko mahindi ya mbegu yananing'inia darini juu ya jiko, moshi ndo unaozuia bungua, na moshi huohuo unafukuza mchwa kwenye miti ya paa. Ukiondoa moshi umemwondolea ghala lake. Mnunulie ile mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa, mbegu ikauke vizuri kabla ya kufungwa, na miti ya paa ipake dawa ya mchwa, hapo atakuwa hana sababu ya kulipigia kelele bomba lako.

Na gesi itoke sebuleni. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka na kutambaa sakafuni, kwa hiyo mtungi ukae kwenye chumba chenye mlango wa nje na tundu la hewa chini kabisa ya ukuta, mbali na mafiga. Kila ukifunga mtungi mpya paka povu la sabuni kwenye maungio, povu likifura linavuja. Usijaribu na kiberiti, naandika hivi kwa sababu kuna mtu atajaribu na kiberiti. Mama akiona chai ya asubuhi inaiva bila kutoka nje kwenye baridi ataizoea mwenyewe.

*

Mwalimu hapa, nyumba ya shule Mombasa, paa ni asbesto la tangu zamani lina ukungu wa kijani na limepasuka pembeni. Nataka kulisugua nilipake rangi na kutoboa nafasi ya antena. Kuna ubaya? – Ticha

Upo, mwalimu. Usisugue na usitoboe.

Asbesto likikaa kimya bila kuguswa halina shida kubwa, hatari ni vumbi lake. Nyuzi zake hazionekani kwa macho, ukizivuta zinabaki kwenye mapafu na ugonjwa unakuja kujitokeza miaka 20, 30, 40 baadaye, saratani ikiwemo, ndo maana watu hawaunganishi na lile paa walilolivunja ujanani. Kenya ilipiga marufuku asbesto mwaka 2006, na kulitoa ni kazi ya walio na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, linaloweshwa kwanza, linashushwa zima zima, linafungwa kwenye nailoni na kupelekwa mahali palipoidhinishwa. Kwa vile nyumba ni ya shule sio mzigo wako, andika barua kwa mkuu, weka nakala. Mkiwa mnasubiri, antena ifungwe kwenye mti nje, watoto wasichezee vipande vilivyodondoka, vilowesheni maji kabla ya kuokota na msivifagie vikiwa vikavu. Na msiyagawe mabaki yake kwa wafugaji, nimeona mabanda mengi ya kuku yaliyoezekwa nayo yakiwa yamevunjwavunjwa na nyundo, hiyo ni kuhamisha ugonjwa tu. Wa Tanzania mwenye paa kama hilo aanzie NEMC, baraza la mazingira la huku kwetu.

*

Za harakaharaka.

Mke wangu ni mjamzito miezi sita nataka kukwangua rangi ya zamani chumbani nipake mpya, sawa? Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, hasa zile za kung'aa za mafuta za njano, nyekundu na kijani, na risasi haina kiwango salama kwa ubongo wa mtoto. Kama haibanduki iache, paka juu yake. Kama inabanduka usikwangue ikiwa kavu, loweka na maji kwanza, msasa wa maji, mke alale kwa dada yake mpaka umalize na umepiga deki, nguo za kazi zifuliwe peke yake. Rangi mpya nunua iliyoandikwa kwenye kopo haina risasi, kiwango kinachopendekezwa kimataifa ni kisizidi sehemu 90 kwa milioni, na chumba kipate siku kadhaa za madirisha wazi kabla hajarudi.

Nyumba yangu bati linachemka mchana watoto wanatokwa vipele vya joto, feni haisaidii. Feni inazungusha hewa ileile ya moto dada yangu. Weka dari, hata la mbao nyepesi, na muhimu acha matundu yenye wavu pande mbili za paa ili joto la juu ya dari lipate pa kutokea, dari bila matundu ni tanuri. Bati kuukuu lililopakwa rangi nyeupe ya bati linarudisha jua kwa kiasi kikubwa. Afu panda mti upande wa magharibi, mwarobaini unakua haraka.

Niko Singida, nyumba ya udongo, sakafu ya vumbi, nina mtoto anatambaa. Nina hela kidogo nimeweka, mume anataka tununue milango ya chuma na mimi nataka sakafu. Tuamulie. Sijui mumeo anaogopa wezi kiasi gani, lakini kwa afya ya huyo mtoto sakafu, na haraka. Mtoto anayetambaa kila kitu kinaishia mdomoni na kuku naye kapita hapo hapo asubuhi. Mexico walikuwa na mpango wa serikali wa kumwagia familia maskini sakafu za simiti tu, hawakugusa kitu kingine, na watafiti walipopima walikuta minyoo kwa watoto imepungua asilimia 78, kuharisha asilimia 49 na upungufu wa damu asilimia 81. Huku kwetu ongeza na funza, anayeishi kwenye vumbi la ndani. Sio lazima nyumba nzima, anza chumba anacholala na kutambaa mtoto. Shindilia udongo vizuri, panga mawe au kokoto, tandika nailoni nzito juu yake ndo umwage zege, nailoni isirukwe hata fundi akisema sio lazima (soma barua ya Mama Wawili hapo juu). Likishaganda limwagiliwe maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima, watu wengi wanaacha siku ya pili afu sakafu inapasuka wanamlaumu muuza saruji. Na kuku ajengewe banda lake kabla sakafu haijakauka.